Hesabu ya Jioni: Miaka 95 ya Kumfunda Askari Magereza

Ukitaka kukiona Kijungu, pale maji ya mto Kiwira yanapojisokota na kutokota ndani ya shimo la mwamba kama uji jikoni, sharti kwanza upite lango la chuo. Wageni wengi wanaopanda Rungwe hawalijui jambo hili mpaka wanaposimamishwa. Wametoka kulitazama Daraja la Mungu, lile lililojijenga lenyewe kwa mwamba wa volkano juu ya mto huohuo, wanafuata barabara ya udongo, halafu wanakutana na kizuizi na askari mwenye sare za Magereza. Unajieleza, unaandika jina, unapewa mwenyeji wa kukusindikiza. Njiani unasikia sauti za watu wengi zikiijibu sauti ya mtu mmoja.

Hapo ni Chuo cha Magereza Kiwira. Waliopita hapo hawasemi chuo, wanasema depo, na neno hilo linamtosha Mtanzania yeyote aliyewahi kuvaa sare. Depo ndiko ulikoingia na nywele ukaziacha, ulikokimbia mchakamchaka kabla jogoo hajamaliza kuwika, ulikoacha kuitwa kwa jina la nyumbani ukaitwa kuruti. Kijana aliyetoka Lindi au Bagamoyo hukutana na baridi ya Rungwe kabla hajakutana na mkufunzi. Mvua ya huku haina adabu ya masika na vuli aliyoizoea kwao; hunyesha inapotaka, na gwaride halisubiri ikatike.

Watalii huenda kutazama maji. Mimi, mara niliyopita pale, akili yangu ilibaki uwanjani. Nilijiuliza swali ambalo sikumbuki kulisikia likiulizwa katika sherehe zozote za Magereza: hawa vijana wanafundwa ili wakawe nani? Tarehe 25 Agosti 2026 Jeshi la Magereza linatimiza miaka 95 tangu lisimame kwa miguu yake. Mia haijatimia, lakini muda huo unatosha kwa swali hilo kupata majibu kadhaa yanayogombana. Historia ya taasisi hii husimuliwa kwa kawaida kwa orodha ya makamishna na majengo. Nitaisimulia kwa kumfuata kuruti.

Kabla ya 1931 magereza yalikuwapo, askari magereza hakuwapo. Neno gereza lenyewe tumelipata kwa Wareno, kutokana na neno lao la kanisa. Ngome zao za pwani zilikuwa na kanisa ndani, na ngome zilipogeuka mahali pa kufungia watu, jina likabaki na kuta. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo, ingawa wanaolala humo sasa ni popo. Wajerumani walifungia watu bomani, wakawatia minyororo shingoni, wakatuachia na msemo wa hamsa ishirini, yaani viboko 25, ambao wazee waliutamka kwa sauti ya chini hata miaka hamsini baada ya Mjerumani kuondoka. Aliyemlinda mfungwa enzi hizo alikuwa askari yeyote mwenye bunduki. Hakufundishwa kulinda mfungwa, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba hiyo ni kazi ya kufundishwa.

Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia waliyaweka magereza na polisi katika idara moja. Aliyekukamata na aliyekufungia mlango walikuwa wa bwana mmoja. Mwaka 1931 idara hizo zikatenganishwa, na mwaka 1933 ikatungwa sheria mahususi ya magereza. Wakoloni walikuwa na sababu zao za kiutawala, lakini ndani ya utengano ule kulikuwa na wazo kubwa kuliko waliokuwa wakilitekeleza. Polisi hukutana na mtuhumiwa kwa saa chache za maisha yake, nazo ni saa mbaya. Askari magereza hukaa naye asubuhi na jioni, pengine miaka saba, pengine maisha. Anamwona akiugua, akipokea barua ya msiba, akizeeka. Hizo ni kazi mbili zinazohitaji watu wawili tofauti.

Lakini mwana hufuata kisogo cha nina. Idara changa ilitoka polisi na vyeo vya polisi, kwata za polisi, buti za polisi. Kuruti wa Magereza alianza kufundwa kwa kupiga hatua, na mpaka leo hatua ndizo zinazotangulia. Tazama maneno yanayotumika: gwaride, depo, kuruti, koplo, sajini, wadeni. Yote yalishuka meli na Mwingereza. Mahabusu tulikuwa nalo kutoka Kiarabu, na gereza kwa Mreno. Neno la kumrekebisha mtu ndilo lilichelewa kuliko yote.

Mwaka 1939 alipita huku mtu anayestahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa: Alexander Paterson, kamishna wa magereza kutoka Uingereza. Alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, Aden na Somalia ya Waingereza, akaandika ripoti. Wazo linaloambatana na jina lake popote magereza yanapojadiliwa ni kwamba mtu huletwa gerezani, na kuletwa huko ndiko adhabu yake. Haletwi akaadhibiwe zaidi. Ukilichukua wazo hilo kwa uzito, mtaala wote wa depo unageuka. Adhabu imeshatolewa na hakimu, imeisha. Askari hana fimbo ya kuongezea. Kazi yake inabaki kumtunza huyo mtu asitoroke, asife, na ikiwezekana asirudi.

Wakoloni hawakufika mbali na wazo hilo. Magereza na kambi zao za kizuizi zilipokea watu wengi ambao kosa lao lilikuwa kukosa fedha ya kodi. Huko Kenya watu waliibatiza jela jina la Hoteli ya King George, kejeli ambayo ndani yake kuna hukumu kamili ya mfumo mzima. Hata hivyo yalikuwapo majaribio. Shamba la gereza la Kingolwira, karibu na Morogoro, lilianzishwa katika miaka ya 1930, na humo mfungwa na askari walikutana mahali ambapo kati yao hapakuwa na ukuta, palikuwa na mahindi. Nitarudi kwenye mahindi hayo.

Mwaka 1955, mjini Geneva, Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kima cha chini za kuwatendea wafungwa. Kati ya mengi yaliyomo, kanuni zile zilisema jambo ambalo leo linaonekana dogo: mtumishi wa gereza afundishwe kabla ya kuanza kazi, afanye mitihani ya nadharia na ya vitendo, na aendelee kunolewa muda wote anaotumika. Dunia ilihitaji mkutano mzima kukubaliana kwamba asiyefundishwa asikabidhiwe funguo.

Miaka mitatu baadaye, Dar es Salaam, mwalimu mmoja wa zamani wa shule alisimama kizimbani kwa kesi ya kashfa kutokana na maandishi yake katika gazeti la Sauti ya TANU. Julius Nyerere alipewa hiari: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Nimewaza mara nyingi, ingekuwaje angechagua kifungo. Angekuwapo wadeni mmoja, labda miezi michache tu tangu atoke mafunzoni, ambaye jioni angemhesabu waziri mkuu mtarajiwa pamoja na wezi wa kuku, akaandika jumla kitabuni, akaenda nyumbani kula.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, Waafrika walikuwa wameshazishika bunduki, funguo na vitabu vya zamu kwa miongo mitatu. Ofisi za juu ndizo zilikuwa za Wazungu. Mwaka 1962 O. K. Rugimbana akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Kamishna wa Magereza, na aliishika kofia hiyo mpaka 1974. Ni miaka 12, na ndiyo iliyolipa Jeshi la Magereza sura tunayoijua. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwaka huohuo Bunge likatunga Sheria ya Magereza Namba 34, ambayo ingali msingi wa kazi hii. Taifa lilikuwa limetangaza kwamba kazi ndiyo utu. Gereza nalo likaambiwa lizalishe.

Hapo ndipo kuruti alipoongezewa somo la jembe. Magereza ya Tanzania yana ardhi. Kitengule Kagera, Mollo Sumbawanga, Idete na Kiberege Morogoro, Songwe Mbeya, Kitai Ruvuma: yote ni mashamba yenye gereza ndani yake, au magereza yenye shamba nje, inategemea umesimama wapi. Mwaka 1974 likaundwa Shirika la Magereza la kusimamia uzalishaji huo. Karanga, pale Moshi, pakawa na jina kwa viatu. Ukonga kwa meza na viti ambavyo vizazi vya watumishi wa serikali vimevikalia bila kuuliza fundi alihukumiwa miaka mingapi.

Sasa niyarudie mahindi. Mtu ambaye hajawahi kuishi karibu na gereza la shamba anadhani kazi ya askari magereza ni ukuta, mnara na taa. Aamke alfajiri aone. Mlango wa bweni unafunguliwa, wanahesabiwa, wanagawanywa. Kikundi cha watu kadhaa kinatoka na askari mmoja, labda wawili. Wafungwa wameshika majembe, wengine mapanga. Askari ana bunduki moja na filimbi. Wanatembea hadi kwenye pori ambalo ukipiga kelele anayekusikia ni kanga. Huko watakaa mpaka mchana.

Fanya hesabu ya nguvu, utaona kwamba askari yule ameshindwa kabla hajafika shambani. Hakuna kwata itakayomwokoa na mapanga kumi. Kinachomrudisha nyumbani kila siku, yeye na watu wake wote, ni kitu kingine: kwamba anajua nani amepata habari mbaya kutoka kwao, nani amebakiza wiki tatu na hatathubutu kuziharibu, nani wamegombana usiku na wasipangwe mstari mmoja. Anajua kwamba yule mzee ni nyapara kwa cheo na huyu kijana ni nyapara kwa hofu. Anajua lini aseme kwa ukali na lini agawe sigara. Mfungwa akitoroka, askari naye huingia matatani, kwa hiyo kila mmoja kati yao ameshika kamba ya mwenzake. Wazungu wa magereza katika nchi za baridi wameandika vitabu vya kuueleza ulinzi wa namna hii, unaotokana na kufahamiana, wakaupa majina ya kitaalamu. Askari wa Idete ameufanya miaka yote, na kwenye cheti chake cha depo haupo.

Hili ndilo dai langu, na najua wapo maafisa watakaolipinga. Depo imemfundisha askari magereza vizuri sana sehemu ya kazi inayoonekana siku ya kufunga mafunzo, mgeni rasmi anapokuwa jukwaani. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, ameachiwa akafundwe na sajini mzee wa kituo chake cha kwanza. Akimpata sajini mwema, nchi imepata askari. Akimpata wa namna nyingine, kuna watu watakaoumia mahali ambapo hakuna dirisha.

Miaka iliyofuata haikuwa na nafasi ya kulitengeneza hilo. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 iliwachukua askari wa kila jeshi, wa Magereza wakiwamo, na waliorudi walirudi na gwaride lililokaza zaidi. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi, na magereza yakapokea wageni wa aina mpya: wafanyabiashara, mameneja, watu waliozoea kuitwa bwana. Kwa askari aliyefundwa kwamba mfungwa ni mtu wa chini, ile ilikuwa shule kali. Mwaka 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba, na ibara ya 13 ikasema wazi kwamba ni marufuku mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama na kudhalilisha. Maneno hayo hayakuwabagua walioko nje na walioko ndani.

Halafu magereza yakajaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafungwa na mahabusu walizidi 40,000, na nafasi zilizotengwa hazikufika 30,000. Karibu nusu ya waliolala humo walikuwa bado hawajahukumiwa. Hali hiyo inalifanya lolote ulilofundishwa kuhusu kumjua mtu wako liwe ndoto. Huwezi kumjua nani amepata msiba katika bweni ambalo watu wanageuka kwa zamu usiku. Unabaki na kitu kimoja unachoweza kukifanya kwa uhakika: kuhesabu.

Katika kipindi hichohicho, Arusha, kulikuwa na somo la bure kwa yeyote aliyetaka kulisoma. Mwaka 1996 Umoja wa Mataifa ulifungua kituo chake cha kuwashikilia watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, na ulikijenga ndani ya eneo la gereza la Kisongo. Upande mmoja, mawaziri wa zamani na majenerali walioshtakiwa kwa makosa makubwa kuliko yote yanayoweza kuandikwa kwenye hati ya mashtaka walilala kila mtu na chumba chake. Upande wa pili wa uzio, aliyeiba baiskeli alilala begani kwa mwenzake. Sisemi waliokuwa upande ule walistahili kubanwa. Nasema askari kijana wa Kisongo aliona kwa macho yake kwamba kanuni za Geneva zinatekelezeka, ikiwa kuna anayelipa.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Bodi za Parole ilitungwa 1994, na ya Huduma kwa Jamii 2002, zote zikilenga kumtoa nje ya ukuta mtu asiye na haja ya kuwa ndani. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa 2001, ikapewa uwezo wa kuingia magerezani na kuuliza. Kwa kuruti mabadiliko hayo yalimaanisha masomo mapya. Anayekaa mbele ya bodi ya parole anategemea ripoti ya tabia yake, na ripoti hiyo huandikwa na askari. Kalamu ikawa nzito kuliko kirungu, na palikuwa na mabwana jela waliolala na virungu vyao miaka 30 ambao hawakufurahi.

Ndipo jina likaanza kubadilika. Kiwira wanaendelea na kuruti, ambao siku hizi aghalabu wameshapita JKT na kwata wanaijua kabla ya kufika. Ukonga, Dar es Salaam, ni chuo cha kupandia ngazi, wanakokwenda wanaosomea vyeo na uongozi, na sasa kinaitwa Chuo cha Taaluma ya Urekebishaji Tanzania. Taaluma, na urekebishaji: maneno mawili ambayo koplo wa 1931 asingeyaelewa yakiwekwa pamoja na kazi yake.

Desemba 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizihuisha zile kanuni za 1955, likazipa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27 na kujua zaidi ya mwanasheria yeyote maana ya askari aliyefundwa na asiyefundwa. Kanuni ziko 122. Zimetaja hata masomo ambayo mtumishi mpya asiyakose: sheria na haki, heshima ya mfungwa na makatazo ya utesaji, usalama wa gereza na namna ya kutuliza ugomvi kwa maneno kabla ya nguvu, huduma ya kwanza, na mahitaji ya afya ya akili. Zinasema mwanamke aliyefungwa alindwe na askari wa kike. Zinasema askari anayekaa na wafungwa uso kwa uso asibebe silaha kama jambo la kawaida. Ukizisoma ukiwa umesimama pale kwenye shamba la mahindi, utatabasamu, kisha utanyamaza.

Kuna neno moja ambalo kila nikiandika habari hizi linanigomea. Kwa Kiingereza taasisi hii inaitwa huduma. Kwa Kiswahili tunaiita jeshi. Ni kitu kilekile, kofia zilezile, mishahara ileile, lakini anayeomba kazi kwa Kiswahili anaomba kuingia jeshini, na pengine ndiyo sababu mama yake anapika pilau siku anapohitimu. Afrika Kusini waliamua mwaka 1996 kuyavua magereza yao sura ya kijeshi, wakafuta vyeo na saluti, na mpaka leo kuna wanaojuta na wanaoshukuru. Sipendekezi sisi tufanye vile. Gwaride lina faida ambayo wanaolicheka hawaijui: linamfundisha kijana kwamba hasira yake binafsi haina nafasi katika mstari. Askari anayeweza kusimama juani saa mbili bila kujikuna anaweza pia kutukanwa na mahabusu bila kumzaba kofi. Ninachouliza ni kwa nini mafunzo yaishie kwenye kusimama.

Zanzibar walilitatua tatizo la majina kwa ujasiri unaochekesha kidogo. Huko gereza lenyewe ndilo linaloitwa Chuo cha Mafunzo, na waliomo huitwa wanafunzi. Rais anapotoa msamaha, magazeti huandika kwamba wanafunzi kadhaa wameachiwa huru. Timu ya mpira ya askari wao inaitwa Mafunzo. Mgeni kutoka bara anaweza kusoma ukurasa mzima kabla hajagundua kwamba shule inayozungumzwa ina kufuli kwa nje. Halafu kuna Changuu, kisiwa kilichojengewa gereza mwaka 1893 ambalo halikuwahi kufunga mtu kwa kazi hiyo, likatumika kama karantini, na ndilo gereza pekee la Zanzibar ambalo watalii hulipa ili waingie.

Bara tuna Wajelajela. Tanzania Prisons ya Mbeya, timu ya askari, ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1999, na jina hilo la utani waliitwa na mashabiki wa uwanja wa Sokoine kwa mapenzi. Ni mahali pachache ambapo sare hii hupigiwa makofi na raia wa kawaida. Kwingine askari magereza anaishi upande wa kivuli. Polisi anaonekana barabarani, mwanajeshi kwenye sherehe za Uhuru. Huyu anaonekana nyuma ya karandinga. Kota zake ziko nyuma ya gereza, watoto wake wanakua wakisikia kengele ileile inayoamsha wafungwa, na kwa miaka mingi nyumba zenyewe hazikutofautiana sana na mabweni anayoyalinda. Novemba 2016 Rais Magufuli alifika Ukonga, akaona makazi ya askari, na akatoa shilingi bilioni 10 za kujenga nyumba mpya. Nalitaja jambo hilo katika historia ya mafunzo kwa kusudi. Mtu anayelala vibaya hafundishiki, na hafundishi.

Turudi kwa kuruti wetu. Amehitimu, ameapishwa, mama amepika pilau. Amepangiwa kituo chake cha kwanza, gereza la wilaya mahali ambapo hakuwahi kupasikia. Amevaa sare zilizopigwa pasi mpaka zinakata. Ni alasiri, vikundi vimerudi kutoka shambani, majembe yamehesabiwa na yametimia. Wafungwa wamechuchumaa kwa mistari uani. Sajini mzee anampa kijiti na kumwambia ahesabu.

Anahesabu kama alivyofundishwa, akigusa hewa kwa kijiti juu ya kila kichwa, midomo ikitembea. Anafika mwisho, anataja jumla. Sajini anatazama ubao. Amepungua mmoja.

Anarudia. Moyo sasa unamwenda mbio, kwa sababu depo walimwambia maana ya mmoja kupungua. Jumla ni ileile. Lango limefungwa, hakuna anayeruhusiwa kwenda kokote, askari wa lindo amesogea. Wafungwa wamenyamaza kwa namna ambayo yeye bado hajajifunza kuisoma. Mzoefu angejua kwamba ni ukimya wa watu wanaozuia kicheko. Anahesabu mara ya tatu, jasho likimtoka, na namba inagoma.

Sajini anamwacha ahangaike kidogo. Kisha, bila kuinua sauti, anamuuliza nyapara wa jikoni, kwa jina lake na la baba yake, kama yule Msukuma amemaliza kukwangua lile sufuria kubwa la ugali. Bado, afande, anajibiwa. Sajini anachukua chaki, anaandika kwamba hesabu imetimia, na kumrudishia kijana kijiti chake.